Umeongeza majani ya springi, lakini pikapu bado ni ya tani moja

Pita gereji yoyote wanakotengeneza pikapu, iwe Gerezani pale Dar es Salaam au nyuma ya stendi ya mji wowote mdogo, utaikuta moja imesimama tupu huku imebinuka, makalio juu, pua chini. Hapo huhitaji kuuliza. Imeongezwa majani ya springi, vile vipande vya chuma vinavyobeba mzigo nyuma.

Shemeji yangu anatoa vitunguu na nyanya Ilula, mkoani Iringa, kupeleka Morogoro kwa Hilux ya zamani kidogo. Mwaka jana alinipigia simu akiwa gereji. Fundi alikuwa amemwambia: "Bosi, nakutilia majani mawili ya Fuso kila upande, hapo unapiga tani mbili bila wasiwasi." Shemeji alitaka nimjibu neno moja tu, kweli au uongo.

Nilimwambia ni nusu kweli. Springi itabeba tani mbili. Vilivyobaki havijaulizwa.

Maneno hayo yanasikika kila siku vijiweni, na watu wanayalipia pesa nzuri, kwa hiyo tuyafumue taratibu. Tuanze na maneno matatu ambayo kila mwenye pikapu anapaswa kuyajua kabla hajaingia uvunguni.

La kwanza ni uzito mtupu, yaani gari lenyewe bila mzigo. La pili ni uzito wa juu kabisa, yaani gari pamoja na kila kitu kilichomo: mzigo, dereva, abiria, spea tairi ya pili, hata jembe la shamba lililosahaulika nyuma ya kiti. La tatu ni mzigo unaoruhusiwa, ambao ni tofauti kati ya hayo mawili. Uzito mtupu na wa juu kabisa umeandikwa kwenye kadi ya gari, na huo wa juu mara nyingi pia kwenye kibati kilichopigwa ribiti mlangoni au ndani ya boneti.

Tuseme uzito mtupu ni kilo 1,900 na wa juu kabisa ni 2,900. Tofauti ni kilo 1,000, ndiyo maana tunaiita pikapu ya tani moja. Sasa weka watu watano wa kilo 70 kila mmoja: 350 zimekwenda. Ongeza bampa la chuma la mbele, keria na chuma cha kufungia turubai, tuseme kilo 100. Zimebaki 550. Hiyo ni mifuko 11 ya saruji. Watu wengi wenye pikapu ya milango minne hawajawahi kupiga hesabu hii, na wakiipiga wanadhani wamekosea.

Jambo jingine: bodi kujaa si kipimo. Bodi iliyojaa kabichi na bodi iliyojaa mchanga uliolowa zinaonekana zimejaa sawa, lakini mita moja ya ujazo ya mchanga uliolowa inazidi tani moja na nusu. Tangi la maji la lita 1,000 ni tani moja kamili, bila kuhesabu tangi lenyewe wala aliyekaa usukani.

Springi inafanya nini hasa

Pikapu nyingi nyuma zina springi za majani: vipande vya chuma vilivyopinda kama upinde, vimepangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu, vifupi chini. (Si zote. Nissan Navara NP300 ya milango minne, kwa mfano, nyuma ina springi za kuzunguka kama zile za magari madogo.) Lile refu la juu ndilo jani kuu. Ncha zake zimekunjwa duara ili zishike kwenye chasisi: ncha ya mbele imefungwa moja kwa moja, ya nyuma inaning'inia kwenye kipande kinachocheza, shakeli, kwa sababu springi ikilala inarefuka na lazima ipate pa kwenda. Katikati, majani yote yametobolewa yakafungwa kwa bolti moja ndogo, senta bolti, kisha yakabanwa kwenye ekseli, ule mhimili wa magurudumu, kwa yubolti (bolti zenye umbo la U) nne, mbili kila upande wa gari.

Ukipakia, upinde unanyooka. Ukipakua, unarudi. Chini kabisa mara nyingi kuna jani moja nene lililonyooka, halipindi kama wenzake. Watu huliona wakadhani limechoka. Halijachoka. Limewekwa liingie kazini pale tu springi imeshalala vya kutosha, ili gari likiwa tupu lisiwe gumu na likiwa na mzigo lisigonge stopa, ule mpira unaozuia ekseli isigonge chasisi.

Sasa kuna hesabu moja inayowaponyoka hata mafundi wazuri. Ukiongeza idadi ya majani, ugumu unaongezeka kwa kiasi kilekile: majani manne yakiwa matano yenye vipimo vilevile, umeongeza robo. Unene ni habari nyingine, kwa sababu ugumu unakwenda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Jani la milimita 8 badala ya 7, tofauti usiyoweza kuiona kwa jicho, ni gumu zaidi kwa karibu nusu nzima. Ndiyo maana jani la Fuso likiingizwa kwenye Hilux halifanyi kazi pamoja na majani mengine. Linabeba sehemu kubwa ya mzigo peke yake, na majani ya Hilux yanakaa pale kama wageni harusini.

Kuhusu shokapu, au shokomzoba kama wazee wanavyoita: haibebi mzigo. Nalirudia kwa sababu nimeona mtu akinunua shokapu nne mpya kwa sababu gari "limekaa", yaani nyuma imelala, na likaendelea kukaa. Fikiria mtoto kwenye bembea. Bembea ndiyo springi. Shokapu ni mkono wa mama unaoizuia isiendelee kwenda na kurudi. Mkono ukiondoka, bembea haianguki, inazidi tu kuyumba. Ila ukiweka springi ngumu zaidi ukaacha shokapu za zamani, umempa mama bembea nzito kuliko mkono wake, na gari litaruka kwenye kila tuta.

Uzito unapita wapi

Gunia la vitunguu likiwa ndani ya bodi halikai hewani. Uzito wake unapita kwenye bodi, unaingia chasisi, unashuka kwenye springi, unaingia ekseli, unapita kwenye beringi, kwenye ringi, kwenye tairi, ndipo unafika barabarani. Springi ni kituo kimoja tu njiani. Kuibadilisha hiyo peke yake ni sawa na kununua kamba mpya nene ya kisimani huku mpini wa ndoo ni uleule wenye kutu.

Anza na tairi, kwa kuwa ndiyo rahisi kuikagua. Pembeni mwa tairi, baada ya vipimo vya ukubwa, kuna namba na herufi kama 113S. Hiyo 113 si kilo, ni namba ya jedwali: maana yake tairi hilo moja linabeba kilo 1,150 likiwa limejazwa upepo unaostahili. Namba 100 ni kilo 800. Sasa watu hununua tairi la mtumba linaloingia kwenye ringi na kuonekana zuri, bila kuangalia namba hiyo. Matairi mawili ya nyuma yenye namba 100 yanabeba kilo 1,600 kwa pamoja. Ukikumbuka kuwa sehemu ya nyuma ya gari tupu yenyewe inaweza kuwa na kilo 800 hivi, umebakiwa na 800. Springi zako za tani mbili zinabaki pambo.

Halafu ekseli. Hapa ndipo penye jibu la lile swali la vijiweni: kwa nini Land Cruiser pikapu "inavumilia" kuliko Hilux? Wengi watakwambia injini. Angalia katikati ya gurudumu la nyuma. Kwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 70 kuna kitovu kinachochomoza, kimezungushiwa nati. Kwenye Hilux hakuna. Ndani ya Land Cruiser, uzito wa gari umekaa juu ya nyumba ya ekseli kupitia beringi mbili, na shafti ya ndani kazi yake ni kuzungusha tu. Unaweza kuichomoa gari likiwa limesimama kwenye gurudumu lake. Kwenye Hilux shafti hiyohiyo inayozungusha ndiyo inayobeba, na gurudumu limefungwa kwenye ncha yake. Ikikatika kwa nje, gurudumu linaondoka nayo. Hakuna springi duniani inayobadilisha hilo.

Waya wa kufungia mbuzi

Shemeji aliyaweka majani yale, na baadaye nilikwenda kumwona gereji. Nilipoinama uvunguni niliona fimbo nyembamba ya chuma, unene wa kalamu, imeachia upande mmoja na kufungwa kwa waya kwenye chasisi ili isigonge. Waya wenyewe ni ule wa kufungia mbuzi. Nilimuuliza kijana aliyekuwa chini ya gari ile ni nini. "Hiyo haina kazi mzee, ilikuwa inazuia springi mpya."

Ina kazi, na kazi yake ni breki.

Gari tupu likifunga breki, uzito unakimbilia mbele na nyuma kunakuwa kwepesi. Breki za nyuma zikikamata kwa nguvu wakati huo, magurudumu yanaganda na gari linazunguka. Kwa hiyo Toyota na wenzake waliweka valvu kwenye bomba la breki za nyuma na kuiunganisha na ekseli kwa ile fimbo. Gari likiwa tupu, ekseli iko mbali na chasisi, fimbo imeshuka, valvu inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Ukipakia, chasisi inashuka, fimbo inasukumwa, valvu inafunguka: sasa nyuma kuna mzigo, kamata kwa nguvu zote. Yaani gari linapima mzigo wake kwa kuangalia limekaa kiasi gani.

Ukiweka springi ngumu, au ukainyanyua nyuma, mzigo unakuwepo lakini gari halikai. Fimbo inaiambia valvu kwamba bodi ni tupu. Una vitunguu vya tani moja na nusu, na breki za nyuma zinafanya kazi kana kwamba umebeba hewa. Kazi yote inahamia mbele. Ukiwa Dodoma mjini hutalijua. Ukiwa unashuka mlima wa Kitonga kutoka Ilula, kona baada ya kona, mguu haubanduki kwenye pedali, breki za mbele zitaanza kunuka kabla hujafika chini. Shemeji alikuwa amezoea harufu ile. Alidhani ni ya malori.

Dawa yake si ngumu: ukibadilisha urefu wa nyuma, valvu ile irekebishwe kwa vipimo vya gari husika, si kwa kukadiria, na si kwa waya. Magari mapya mengi hayana fimbo hiyo, kompyuta ndiyo inayogawa nguvu ya breki kwa kusoma mwendo wa magurudumu. Lakini pikapu nyingi zinazobeba mazao huku kwetu si mpya.

Mifuko ya hewa na chasisi inayokunjika

Kuna njia ya pili inayopendwa siku hizi, hasa na wenye magari ya safari: mifuko ya mpira inayojazwa upepo, inakaa kati ya chasisi na ekseli. Ukiwa mtupu unapunguza upepo, ukipakia unajaza, gari linasimama sawa. Ni kitu kizuri, na kwa mtu anayebeba mzigo leo na kesho yuko mtupu kinamshinda yule aliyeongeza majani, maana hakimlazimishi kuishi na springi ngumu siku zote.

Ila kina mtego wake. Springi ya majani inaikamata chasisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli, umbali wa zaidi ya mita moja. Mfuko unaisukuma sehemu moja, katikati, pale kwenye stopa. Chukua ubao mrefu uulaze juu ya matofali mawili, kisha ukae. Sasa toa matofali, weka moja tu katikati, wakae watu wawili, mmoja kila ncha. Ubao ni uleule. Ukipakia nyuma kabisa ya bodi, ukajaza mifuko hadi mwisho, ukaingia kwenye shimo kwa mwendo, chasisi inaweza kukunjika kati ya kabini na bodi. Pikapu za milango minne ndizo zinazoathirika zaidi kwa sababu bodi yake imesukumwa nyuma na sehemu kubwa ya mzigo inaishia nyuma ya ekseli.

Hilo la nyuma ya ekseli linahitaji mkokoteni kuelezwa. Msukuma mkokoteni akipakia nyuma mno, mikono inanyanyuka naye anabaki ananing'inia. Pikapu nayo ni mkokoteni, tofauti ni kwamba mikono yake ni magurudumu ya mbele. Hilux ina mita 3 na kidogo kati ya ekseli na ekseli. Weka kilo 200 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma: ekseli hiyo haipati 200, inapata karibu 265, na magurudumu ya mbele yanapunguziwa 65. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi na taa zinawamulika ndege. Mtu akiona hivyo anakimbilia springi, wakati alichohitaji ni kusogeza magunia mawili hadi yaguse kabini. Hiyo ni bure.

Uongo unaouzwa

Mkubwa kuliko wote ni huu: gari lisipokaa, halijazidishiwa. Mtengenezaji alikupa kengele, nayo ni ule mkia unaoshuka. Kuongeza majani ni kuikata kengele hiyo. Tani mbili zimebaki tani mbili, wewe tu huzioni.

Wa pili ni wa kunyosha springi za zamani kwa moto. Chuma cha springi kinapata uhai wake kwa kupashwa na kupozwa kwa vipimo kiwandani. Ukikipasha kwenye jiko la mkaa mpaka kiwe chekundu, ukakipinda, ukakiacha kipoe chenyewe, umekirudisha kuwa chuma cha kawaida chenye umbo la springi. Kitasimama wiki chache. Kuchomelea jani lililokatika ni mbaya zaidi, kwa sababu linakatika tena pembeni mwa weldi.

Wa tatu ni shakeli ndefu, au vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya springi na ekseli. Vinanyanyua gari, basi. Hata kilo moja havijaongeza, na vinaweza kupindisha pembe ya propela, ile shafti inayopeleka nguvu ya injini nyuma, hadi gari lianze kutetemeka kwenye mwendo fulani.

Na kuna hoja ya "mbona fulani anabeba?" Ukiwa Kenya utaambiwa habari za Hilux za miraa zinazotoka Maua, kule Meru. Huku kwetu utaambiwa za mtu wa Mang'ola, kule kwenye vitunguu. Unaohadithiwa ni wale waliofika. Wengine huongeza kwamba pikapu haisumbuliwi mizani. Ni kweli kwamba sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inalenga magari ya kuanzia tani 3.5, lakini mizani zile zipo kuilinda lami. Wewe na breki zako hamumo kwenye hesabu yake.

Kama bado unataka kuongeza

Kuna sababu halali. Springi zako zimechoka, gari linalala hata kwa mzigo wa kawaida. Au lina uzito wa kudumu nyuma, kama sanduku la vifaa vya fundi umeme au bodi la friji. Hapo springi ngumu kidogo inalirudisha gari kwenye urefu wake na kulituliza.

Pima kwanza, gari likiwa tupu kwenye sakafu iliyonyooka, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote mbili, uandike. Ukinunua, nunua seti iliyotengenezwa kwa gari lako na kwa uzito unaoubeba siku nyingi, siyo ule wa siku moja ya mavuno. Springi iliyopangiwa mzigo mkubwa itakutesa siku zote ukiwa mtupu: kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati, tairi la nyuma linashinda hewani kuliko chini, na tairi lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Badilisha pande zote mbili kwa pamoja, na bushi zake, ile mipira ya kwenye ncha.

Yubolti ziwe mpya. Ya zamani imeshavutika, ukiikaza tena inakudanganya. Baada ya kilomita mia chache rudi uzikaze, maana majani mapya yanakaa na kulegea. Ikilegea, kazi yote inaiangukia senta bolti, ambayo haikuumbwa kwa hiyo kazi. Inakatika, ekseli inateleza kwenye springi, na unajikuta unaendesha gari linalokwenda upande kama kaa.

Shemeji alitoa majani ya Fuso. Aliweka seti mpya ya Hilux, akanunua matairi yenye namba 113, akamtafuta fundi wa breki aliyeirudisha ile fimbo mahali pake na kuipima. Mzigo wake sasa ni magunia manane, si kumi na nne, na yote yameegemea kabini. Analalamika kwamba safari zimeongezeka. Ila juzi aliniambia kitu kingine: ameshuka Kitonga nyuma ya lori, ile harufu ameisikia tena, akafungua dirisha kunusa kama ni yake.